Bahasha chini ya mto

Mimi ni mfamasia wa hospitali. Asubuhi yangu ya kazi huanzia wodini, saa moja na nusu, raundi ya madaktari haijaanza. Nashika faili mkono mmoja na chati ya dawa mkono mwingine: daktari kaandika nini, muuguzi katoa nini, maabara imejibu nini. Visanduku vitupu kwenye chati ndivyo navikagua kwanza. Dawa ilikwisha? Kanula, ule mrija wa mshipani, ilichomoka? Mgonjwa alikuwa eksirei? Antibayotiki iliyorukwa mara mbili, raundini huonekana kama imeshindwa kazi, na mgonjwa akapandishiwa nyingine kali bure.

Mengine unayakamata kwa kuyajua tu. Nikiona rifampisini ya TB kando ya dolutegravir ya VVU ya mara moja kwa siku, najua itabidi iwe miligramu 50 mara mbili, maana rifampisini inaiharakisha kutoka mwilini.

Ila kuna mzee mmoja ambaye tatizo lake halikuwa kwenye karatasi yoyote. (Nimegeuza mambo mawili matatu asitambulike.) Miaka 71, kilo 48, moyo umechoka, miguu imevimba. Yuko kwenye furosemidi, enalaprili na spironolaktoni, dawa za moyo kama huo kabisa. Uvimbe haupungui, potasiamu iko juu, 5.9, na kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa, ni maikromoli 160 kwa lita. Hiyo 160 haimshtui mtu. Lakini tia umri na uzito kwenye fomula ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976: figo zinasafisha kama mililita 25 tu kwa dakika. Mtu aliyekonda hana misuli ya kutengeneza kreatinini nyingi, kwa hiyo namba inamsitiri.

Nikavuta kiti. "Shikamoo babu." Siku hizi siulizi "unatumia dawa gani", kwa kuwa jibu ni "hizi hizi mnazonipa". Nikamuuliza goti likimsumbua usiku hufanyaje. Akapeleka mkono chini ya mto, akatoa bahasha ya kaki: daiklofenaki ya maumivu, binti yake kainunua duka la dawa mtaani. Alikuwa anameza asubuhi na jioni, humohumo wodini.

Daiklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo. Enalaprili hulegeza ule unaoitoa. Furosemidi imeshapunguza maji, basi msukumo ndani ya chujio unaporomoka. Potasiamu ikikosa njia, spironolaktoni inazidi kuifungia mlango. Na daiklofenaki yenyewe hushikilia chumvi na maji. Ndiyo miguu ile.

Daktari nilimvuta pembeni, koridoni. Mbele ya wanafunzi wake ningeshinda hoja nikampoteza yeye. Nikamwambia: daiklofenaki ikome, enalaprili na spironolaktoni zisimame kwanza, moyo upimwe umeme leo, potasiamu irudiwe kesho, goti lipewe parasetamoli miligramu 500 mara tatu, si gramu nzima kwa uzito ule. Yeye alitaka enalaprili ibaki nusu dozi. Tukavutana kidogo, akakubali kusubiri majibu. Nikaandika kwenye faili, nikasaini.

Binti nilimngoja saa ya kuona wagonjwa. Sikumgombeza, alimwonea babake huruma, na hakuna aliyemwambia.

Siku ya nne kreatinini ilikuwa 121, potasiamu 4.6, na enalaprili ikarudi kwa dozi ndogo. Bahasha niliomba niondoke nayo. Mzee akaikabidhi polepole, akaniuliza kama famasi yetu itamrudishia binti yake hela.