Akijitenga bwenini, usikimbilie fimbo

Walimu wanaotuletea wanafunzi kwenye kitengo cha afya ya akili mara nyingi huanza hivi: "Huyu mtoto alikuwa mzuri tu, sijui kimemkumba nini." Barua aliyokuja nayo imejaa makosa: anakosa roli koo, yaani kuitwa majina, anasinzia darasani, akisemeshwa hajibu, amempiga mwenzake kwa ndoo. Yaliyompata likizo hayamo, maana hakuna aliyeuliza.

Chukua Hanang, mkoani Manyara. Desemba 3, 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlimani hadi mji wa Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Januari shule zikafunguliwa kama kawaida. Mvua ikipiga bati la bweni usiku, wengine wanavuta blanketi. Aliyeusikia mlima ukishuka anakaa macho kitandani, viatu miguuni, tayari kukimbia. Asubuhi anasinzia kwenye kipindi cha hesabu na kuitwa mvivu.

Hicho ndicho kiwewe. Mwili hubaki kwenye tahadhari hata baada ya hatari kupita: moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika, sauti au harufu ndogo inarudisha tukio zima kana kwamba linatokea sasa hivi. Wiki chache za namna hiyo ni kawaida, na vijana wengi hupata nafuu wakiwa karibu na watu wao. Ukipita mwezi bila nafuu, usingizi na masomo vikiwa vimevurugika, anahitaji mtaalamu.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale ambao msiba wao hauna matanga. Hanang nchi nzima ililia. Binti anayeingiliwa na mjomba wake harudi shule na rambirambi. Anarudi na siri. Anaogopa kulia mbele ya watu, anaacha kula na wenzake, nao wasijue la kumwambia wanamkwepa. Bweni limejaa vitanda na hana wa kuongea naye.

Kwenye shule za wasichana mambo haya huitwa mapepo: mmoja anaanguka akipiga kelele, wengine wanafuata, anaitwa wa kuombea. Sina ugomvi na maombi, wapo watoto wanaopata nguvu humo. Ugomvi wangu ni kuishia hapo.

Kinachosaidia kwanza ni mtu mzima mmoja asiyebadilika. Matroni anaweza kumwambia, faragha na si mstarini: "Mwanangu, naona hulali. Leo sikuulizi kitu. Kila jioni baada ya prepu nipo hapa." Halafu kweli awepo. Kumlazimisha asimulie tukio zima siku ya kwanza kunaweza kumzidishia. Kumwahidi siri ya milele nako ni kosa. Mwambie mapema nani atalazimika kujua, na kwa nini.

Wewe mwanafunzi mwenzake, kaa naye mezani, kuleni maharage yenu, ongeeni habari za mpira. Inatosha.

Na wewe ambaye yamekukuta: tukio likirudi, kanyaga sakafu kwa nguvu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vuta pumzi kisha itoe taratibu kuliko ulivyoivuta. Hilo halifuti kilichotokea, ila linaukumbusha mwili kwamba uko hapa, leo. Bangi na pombe hukupa usiku mmoja tu, kisha vinakudai.

Mwalimu mkuu, kabla hujaandika barua ya kumrudisha nyumbani "akapumzike", muulize kwanza nyumbani anaishi na nani na analala wapi. Ukisikia dalili za ukatili, nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, si kwenye kikao cha ukoo.

Akisema amechoka kuishi, usimwambie ana dhambi. Muulize waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata chooni, vitu vya kujidhuru viondolewe, na siku hiyohiyo apelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.