CLU ya Barbara Liskov na yaliyobaki baada yake

Wanafunzi wengi wa uhandisi wa programu hulijua jina la Barbara Liskov, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, kwa herufi moja tu, ile L iliyomo katika SOLID, kanuni tano za usanifu ambazo hazikosi kuulizwa katika usaili wa kazi. Naona ni hasara. Kanuni hiyo, inayodai kwamba kitu cha aina tanzu kiweze kushika nafasi ya kitu cha aina kuu bila kuharibu programu, hutajwa mno na kueleweka kwa nadra, ilhali kazi ya Liskov iliyobadilisha zaidi namna tunavyoandika programu ni lugha ya programu ya CLU, ambayo leo karibu hakuna anayeitumia.

Liskov alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1968, chini ya usimamizi wa John McCarthy, mmoja wa waasisi wa akili bandia, kwa tasnifu iliyohusu hatua za mwisho za mchezo wa sataranji. Miaka michache baadaye alihamia MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts. Wakati huo programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikizidi bajeti na kujaa hitilafu, na kila mtaalamu alihimiza zigawanywe katika moduli, yaani vipande vinavyojitegemea, ingawa hapakuwa na maelezo ya moduli ambayo kompaila, programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, ingeweza kuyasimamia. Mwaka 1974, Liskov na Stephen Zilles walichapisha makala iliyopendekeza kwamba moduli iwe aina ya data, inayotambulishwa na shughuli zinazoruhusiwa kufanywa juu yake, wala si kwa jinsi data hiyo ilivyopangwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta.

CLU ndiyo iliyolifanya pendekezo hilo kuwa lugha halisi. Aina mpya iliandikwa ndani ya kile walichokiita klasta, na msimbo wowote ulio nje ya klasta ulizuiwa kugusa mpangilio wa ndani. Tukichukulia orodha ya wateja iliyohifadhiwa katika safu, yaani nafasi zilizopangwa mfululizo, mwenye klasta angeweza kuibadilisha iwe mti wa utafutaji, mpangilio wenye matawi unaoharakisha utafutaji, bila mtumiaji yeyote kurekebisha hata mstari mmoja. Jambo la msingi ni kwamba marufuku hiyo ilisimamiwa na kompaila. Kabla ya hapo ilitegemea adabu ya waandishi wa programu, na adabu haidumu siku ya mwisho ya kukabidhi kazi inapokaribia.

Hata hivyo, kuficha data kulizaa swali jipya: ikiwa mtumiaji haoni kilichomo ndani, atapitiaje elementi zote za orodha? Jibu la CLU, ambalo kwangu ndilo pambo la lugha hiyo, lilikuwa itereta. Hii ni rutini, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina, inayotoa elementi moja, inasimama kuacha kiini cha kitanzi (sehemu ya msimbo inayorudiwa) kifanye kazi yake, kisha inaendelea pale pale ilipoishia. Wazo lilichochewa na mazungumzo na kundi lililokuwa likibuni lugha ya Alphard katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na Russ Atkinson, mwanafunzi wa Liskov, akalipa umbo. Anayeandika “yield” katika lugha za Python au C# leo anatumia wazo hilo hilo. CLU ilikuwa pia na aina zenye vigezo (kama orodha inayoweza kufanywa ya namba au ya maneno), zilizotangulia zile za lugha ya Java kwa miongo kadhaa, pamoja na utaratibu wa kushughulikia hitilafu ambapo kila rutini ilitangaza waziwazi hitilafu inazoweza kutoa.

Sasa nirudi kwenye ile herufi L. Katika hotuba ya mwaka 1987, Liskov alieleza ni lini aina moja inaweza kuitwa tanzu ya nyingine, na mwaka 1994 yeye na Jeannette Wing walilipa jambo hilo msingi wa kihisabati. Chukua mfuko wenye shughuli mbili, kuweka na kutoa, ambao unaahidi tu kwamba utatoa kimojawapo cha vilivyowekwa. Mrundiko hutoa kilichowekwa mwisho na foleni hutoa kilichotangulia, kwa hiyo vyote viwili vinatimiza ahadi ya mfuko. Lakini mrundiko hauwezi kushika nafasi ya foleni, hata kama majina ya shughuli na aina za vigezo vinalingana kabisa, na tofauti hiyo kompaila haiioni. Imo katika maelezo ya tabia, si katika sahihi za rutini, yaani majina yake na aina za vigezo vyake.

Makala ya 1994 iliongeza sharti ambalo vitabu vingi vya kufundishia huliacha: aina tanzu isiruhusu mabadiliko ambayo aina kuu haikuyaruhusu katika maisha ya kitu. Ndiyo maana mfano maarufu wa mraba na mstatili, unaodai kwamba mraba hauwezi kuwa aina tanzu ya mstatili, hunichosha. Mraba usiobadilika ni mstatili halali kabisa. Mgogoro huanza pale tu mstatili unapoahidi kwamba upana wake unaweza kubadilishwa bila kugusa urefu.

Baada ya CLU, Liskov aliigeukia mifumo iliyosambaa kwenye kompyuta nyingi, kwanza kwa lugha ya Argus, kisha kwa mbinu za kunakili data ili huduma isikatike mashine moja inapoharibika. Mwaka 1999, yeye na Miguel Castro walionyesha njia inayotekelezeka ya kuvumilia hata seva zinazodanganya: ili kustahimili seva f za namna hiyo zinahitajika seva 3f+1, yaani nne kwa mdanganyifu mmoja. Tuzo ya Turing ya mwaka 2008, tuzo kubwa zaidi ya sayansi ya kompyuta, ilitaja sehemu zote mbili za kazi yake, lugha na mifumo iliyosambaa, na baadhi ya mifumo ya bloku-cheni (daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi) imejengwa juu ya hiyo ya pili.