"Sema wana bunduki ndipo waje": uongo unaochelewesha polisi vijijini

Kuanzia Kilolo hadi Chunya, kikao cha ulinzi shirikishi hakikosi mtu wa kusimama na kushauri: ukitaka polisi wafike mbio, sema majambazi wana bunduki. Wenzake wanaitikia kwa vichwa. Ushauri huo ndio unaowafanya wakae gizani wakisubiri.

Polisi kata akiambiwa wezi watatu wamevunja duka na wana mapanga, na yuko jirani, anaweza kukusanya mgambo, akapanda pikipiki na kufika. Neno bunduki likitajwa, hesabu inabadilika. Hawezi kwenda mikono mitupu kukabili risasi, kwa hiyo taarifa inapanda kwa OCS, mkuu wa kituo, pengine hadi kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Silaha zinatolewa ghalani, namba ya bunduki na idadi ya risasi zinaandikwa daftarini, askari anasaini, dereva anaamshwa. Hapo gari bado halijawasha taa. Kilometa 40 za udongo mwekundu wakati wa kifuku, kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, ni saa moja na dakika 20, na ukungu wa Makete haujahesabiwa.

Kisha wanafika wakijua wanaingia kwenye mapambano. Mwanakijiji anayechomoza kwenye mahindi na tochi na mkuki, kwa macho ya askari huyo, ni nani? Na kutoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma ni kosa la jinai, hata kama duka limevunjwa kweli.

Sema ulichokiona. Kama umesikia mlio tu, sema mlio, usiseme bunduki. 112, namba ya dharura ya polisi, ni bure, lakini anayepokea hana ramani ya kitongoji chako kichwani, na Igoma iko Mbeya, iko pia Mwanza. Anza na wilaya, kata, kijiji, kitongoji. Ndipo useme wezi wangapi, wameshika nini, wameelekea wapi. Apige mtu mmoja mwenye chaji ya kutosha na abaki hewani. Watu kumi wakipiga, zinafika hadithi kumi. Namba ya OCS na ya polisi kata iwe kwenye simu ya mtendaji na ya mwenyekiti wa kitongoji pia, si kwenye karatasi iliyobandikwa ofisini, kwa sababu ofisi usiku imefungwa.

Vikaoni husikika na mengine. "Tuzibe barabara kwa magogo wasitoroke." Gari la kwanza kukwama hapo huwa la polisi. Weka mtu wa pikipiki njia panda, taa imewashwa, aongoze gari.

"Kila askari anatembea na bunduki." Hapana. Silaha inakaa ghalani na inatoka kwa kazi maalumu.

"Gobole la babu linatosha." Lisipokuwa na kibali, kosa ni lako, hata kama kazi yake ni kufukuza nguruwe pori shambani.

"Mwizi aliyekuja na silaha akiuawa hakuna kesi." Hili nalo linachosha. Mtu ameshanyang'anywa panga na kufungwa kamba, akipigwa hadi kufa, hiyo ni kesi ya mauaji. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumhukumu.

"Gari haliji bila hela ya mafuta." Huduma ya polisi hailipiwi. Ukiombwa, mpigie OCD palepale, usingoje asubuhi.

"Hospitali haimpokei aliyepigwa risasi bila PF3." Mpelekeni kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, itafuata, nayo ni bure. Nguo zake msizifue. Maganda ya risasi yaacheni pale yalipoangukia, yafunikeni kwa beseni mvua isiyasombe, na watoto wasiyaokote kuchezea.