Nepi za kitambaa: maswali ninayoulizwa kliniki

Pampasi siku hizi zinauzwa hata moja moja dukani kwa Mangi, lakini akina mama wengi wanaokuja kliniki bado wanamvika mtoto nepi ya kitambaa, wengine kwa kupenda, wengine kwa sababu ya bei. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Nesi, niandae nepi ngapi, na za kitambaa gani?

Ukifua kila siku, dazeni mbili zinatosha. Masika ongeza, maana nepi inaweza kukaa kambani siku mbili na bado ni mbichi. Chagua pamba: taulo jepesi, flana, au khanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa. Khanga mpya ina wanga, haifyonzi. Ifue kwanza mara kadhaa.

Halafu nepi ya kitambaa ina faida moja ambayo wengi hawaifikirii: mkojo haujifichi. Mtoto anayeshiba maziwa, kuanzia siku ya tano hivi, hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24. Ukihesabu tatu tu tangu jana muda kama huu, usingoje tarehe ya kliniki, mlete apimwe uzito tuangalie anavyonyonya.

Mama mkwe anasema pampasi ndizo zinazombabua mtoto. Ni kweli?

Mwambie mama, kwa adabu, kwamba kinachobabua ni unyevu na choo kukaa kwenye ngozi. Pampasi inafyonza zaidi ya kitambaa, kwa hiyo ukiwa na nepi kazi yako ni kubadilisha mara nyingi zaidi: kila baada ya saa mbili au tatu akiwa macho, na akipata choo, hapo hapo. Ile chupi ya plastiki ya kuvalisha juu mvike mkiwa safarini tu. Akishinda nayo, joto na unyevu vinabaki ndani.

Nafua kila siku, nepi ni nyeupe kabisa, lakini upele hauishi.

Alikuja mama mmoja na swali hili hili. Nepi zake zilikuwa zimepigwa pasi na kukunjwa vizuri, mtu angesema za dukani. Nikachukua moja, nikaitumbukiza kwenye beseni la maji safi, nikaikamua. Povu likatoka. Alikuwa anasuuza mara moja, tena kwa maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hayaitoi sabuni vizuri. Mtoto alikuwa anakalia sabuni mchana na usiku.

Kwa hiyo: nepi yenye choo ikung'ute chooni kwanza, maana kinyesi cha mtoto mchanga kina vijidudu kama cha mtu mzima, hata kama ananyonya tu. Isuuze kwa maji baridi, ndipo uifue kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato. Halafu suuza mara tatu, mpaka maji yatoke bila povu wala utelezi; kama una maji ya mvua, yaweke kwa msuuzo wa mwisho. Jiki si ya kila siku. Ukiitumia, suuza mkojo kwanza, maana jiki ikikutana na mkojo hutoa mvuke mkali unaoumiza kifua. Dawa ya kulainisha nguo achana nayo, inaiziba nepi isifyonze.

Ikiwa umefanya yote hayo na bado wekundu umeingia ndani ya mikunjo ya mapaja, na pembeni yake kuna vidoadoa vyekundu, huo huenda ni fangasi. Unahitaji dawa yake, na vaselini haitausaidia. Mlete tumwone.

Nimpake poda?

Hapana. Vumbi lake linaingia kwenye mapafu. Mwoshe, mkaushe, mwache matako wazi dakika chache, kisha mpake vaselini kidogo.

Kwa nini bibi ananilazimisha kupiga pasi nepi?

Bibi anajua. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai yakianguliwa, funza anajipenyeza kwenye ngozi na kuota kama jipu. Anika juani, kwenye kamba, kisha piga pasi ya moto, usisahau mishono na pindo.

Nepi za mtoto wa kwanza nilizihifadhi kwenye sanduku na naftalini. Zinafaa?

Hapa naomba unisikilize vizuri. Vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende na nondo hutoa hewa inayonasa kwenye kitambaa, na mtoto huivuta na kuipokea kwa ngozi, hasa akiwa amepakwa mafuta. Wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi iliyo nyingi katika nchi zetu za malaria, na kwa macho huwezi kuwatambua. Kwao naftalini hupasua chembe nyekundu za damu: macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Umanjano ukizidi unaweza kuharibu ubongo. Ukiona dalili hizo nenda hospitali siku hiyo hiyo, usikae unamwanika juani. Nepi hizo usimvike mtoto mchanga. Zifanye matambara, ushone nyingine.

Pini inanitia hofu.

Ndiyo maana kuna nepi za kufunga kwa vifungo. Ukiwa na pini, weka vidole vyako kati yake na tumbo la mtoto. Ikichoma, ikuchome wewe. Ikunje nepi chini ya kitovu kama hakijadondoka. Na pini isipopita kwenye kitambaa, ichome kwanza kwenye kipande cha sabuni kikavu, itateleza.