"Nirudishe Nyumbani," Naye Yuko Nyumbani

Saa 11 jioni mkoba unakuwa begani. Ndani mna kijiko, soksi moja na kitambaa kilichokunjwa vizuri. Mama amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, anamwambia mumewe kwa adabu zote, kama mgeni anayeaga: "Asante sana, baba. Sasa naomba nirudi nyumbani, watoto wananisubiri."

Mumewe alikuwa akimjibu: "Mke wangu, hapa ndipo nyumbani. Watoto wameshakuwa watu wazima." Kila jioni jibu ni hilo, na kila jioni huishia kwa machozi. Aliponisimulia, sauti yenyewe ilikuwa imemkauka.

Mimi ni muuguzi wa wazee wenye dimensia, yaani hali ya ubongo kudhoofika hadi kumbukumbu na fikra kupotea, na ombi hilo nalisikia karibu kila nyumba ninayoingia. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikuu cha dimensia, huanza kuharibu mapema sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ya jana hayashiki, ya ujana yanabaki. Kwa hiyo nyumba aliyoishi miaka 20 inaweza kumwia ngeni, na mume anayemkumbuka ni kijana, si huyu mwenye mvi. Ukimwambia watoto ni wakubwa, kwake umemwambia uongo. Ukibisha, hofu inapanda.

Sikiliza pia neno analotumia. Anayesema "kwetu" mara nyingi yuko utotoni, anawatafuta wazazi. Mama huyu alisema watoto, basi yuko katika miaka yake ya kulea. Nilimwomba mzee aache kusahihisha, aulize tu: "Watoto wakirudi huwa unawafanyia nini?" Akajibiwa pale pale: nguo zao hazijakunjwa. Mzee akaleta kapu la nguo safi, wakaketi wakakunja pamoja, shati moja baada ya jingine, mama akimrekebisha kola. Saa 12 mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye kiti.

"Lakini mwanangu," aliniambia, "miaka yote hii sijawahi kumdanganya." Swali hilo naliheshimu sana. Nilimwambia hakuna haja ya kudanganya. "Najua unawawaza watoto" ni kweli. "Niko nawe, hujapotea" ni kweli. Ahadi ya "nitakupeleka kesho" mimi siipendi, maana mara nyingine neno moja hunasa, akaanza kungoja.

Jioni ina mambo yake: uchovu wa mchana, mwanga hafifu, vivuli ukutani. Funga mapazia na uwashe taa kabla giza halijaingia. Kisha angalia mwili. Kiu, maumivu, kukosa choo, haja ndogo aliyoshindwa kuitaja, vyote vinaweza kutoka mdomoni kama "nataka kwenda nyumbani."

Na hapa nasisitiza: akibadilika ghafla, ndani ya saa chache au siku moja mbili, akawa na fadhaa kali au usingizi usio wa kawaida, usiseme ni ugonjwa wake umezidi. Mpeleke kwa daktari. Maambukizi, yakiwemo ya njia ya mkojo, hufanya hivyo, nayo yana tiba. Dawa za kumtuliza usimpe kwa kubahatisha. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kwamba zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimensia.

Akishikilia kutoka, mara nyingi ni heri utoke naye kuliko kung'ang'ania kitasa. Mvishe viatu, mzunguke kidogo, mrudi. Awe na kitambulisho na namba yako ya simu mwilini, asije akatoka peke yake.

Kuna jioni haya yote hayafui dafu, na mkoba haushuki begani hadi usiku. Siku hizo mzee humpigia simu mdogo wake aje akae na shemeji yake, naye huketi nje kidogo, mlango ukiwa wazi.