Al Hibbler: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtaje mwimbaji Al Hibbler mbele ya wapenzi wa nyimbo za zamani za Marekani, wengi watauliza ni nani huyo. Kisha waimbie mstari mmoja wa "Unchained Melody", wote wataitikia. Na hapo hapo utaambiwa jambo la kwanza lisilo kweli: eti wimbo ni wa Righteous Brothers, wale waimbaji wawili wa Marekani.

Hao waliurekodi mwaka 1965, na filamu ya Ghost ya 1990 ikaurudisha redioni kila pembe ya dunia. Lakini muziki ulitungwa na Alex North na maneno yakaandikwa na Hy Zaret kwa ajili ya filamu ya wafungwa iliyotoka 1955, Unchained. Ndani ya filamu aliyeimba ni Todd Duncan, mwenye sauti ya baritoni, yaani nzito kiasi. Mwaka huohuo waimbaji wakaugombania wimbo kwelikweli. Santuri ya Hibbler ilifika namba 3 kwenye chati kuu ya Marekani na namba 1 kwenye chati ya ridhimu na bluzi. Huko Uingereza santuri hiyo ilifika namba 2, huku Jimmy Young akishika namba 1 kwa wimbo uleule.

Wengine hudhani aliibuka ghafla mwaka huo. Wapi! Alikuwa na umri wa karibu miaka 40. Alianza kufahamika kwenye bendi ya Jay McShann mwaka 1942, na mwaka uliofuata Duke Ellington, kiongozi mashuhuri wa bendi ya jazi, akamchukua. Kwa Ellington alikaa karibu miaka minane, wakaachana 1951 kwa ugomvi wa malipo.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile ya huruma: kwamba asiyeona hupewa sauti na Mungu kama fidia. Hibbler alizaliwa Mississippi mwaka 1915 akiwa haoni, hilo ni kweli. Ila alisomea shule ya wasioona huko Little Rock, Arkansas, na kwenye kwaya ya shule aliimba soprano, sauti ya juu kabisa, kabla sauti haijakomaa na kushuka. Baadaye akapita mashindano ya waimbaji chipukizi na bendi ndogondogo kama msanii mwingine yeyote. Hiyo ni kazi, si fidia.

Tena sauti yenyewe haikuwa nzuri kwa maana ya kubembeleza tu. Msikilize kwa makini: anaanza mstari taratibu, kifua kimejaa, kisha katikati anaipinda vokali mpaka neno linasikika kigeni, na mwisho anakoroma au kushuka chini ghafla. Ellington aliuita uimbaji huo maigizo ya sauti. Mimi nasikia tarumbeta humo. "Do Nothing Till You Hear from Me", mojawapo ya nyimbo zilizomjengea jina, ilitokana na kipande ambacho Ellington alimtungia mpiga tarumbeta wake Cootie Williams, bingwa wa kuikoromesha tarumbeta. Wapo wakosoaji waliokerwa na vituko hivyo vya Hibbler. Shauri yao.

Halafu wapo wanaoamini kwamba mwanamuziki asiyeona wa zama zile aliachiwa aimbe tu, mambo ya siasa yakawa ya wengine. Aprili 1963 Hibbler alikwenda Birmingham, Alabama, akaandamana kupinga ubaguzi wa rangi. Wenzake walikamatwa, yeye polisi walimtenga, wakakataa kumtia ndani. Hoja ya mkuu wao, Bull Connor, ilikuwa kwamba mfungwa lazima afanye kazi apate chakula chake, na kipofu hawezi kazi. Mtu aliyekuwa akijilisha kwa koo lake kwa zaidi ya miaka 20! Connor alidhani anamdhalilisha, kumbe alikuwa anaonyesha kwamba hata jela ilikuwa na ubaguzi wake ndani ya ubaguzi.

Kwamba alizimika baada ya miaka ya hamsini, hilo ni nusu kweli. Kwenye chati alipotea. Lakini mwimbaji Frank Sinatra alimsaini kwenye Reprise, kampuni yake ya santuri, na mwaka 1971 Hibbler akaimba kwenye mazishi ya Louis Armstrong, gwiji wa jazi. Mwaka 1972 ikatoka albamu aliyoshirikiana na Rahsaan Roland Kirk, mpuliza saksafoni ambaye naye alikuwa haoni. Alifariki Chicago mwaka 2001, akiwa na miaka 85. Anayetaka kumjua aanzie "After the Lights Go Down Low" ya 1956, iliyoingia kumi bora, kisha ndiyo airudie ile ya 1955.