Kabla hujalipia usiku mmoja kwenye ryokan

Wateja wangu wanaojiandaa kwenda Japani huniuliza swali moja mapema sana: kwa nini ryokan, nyumba ya wageni ya mbao yenye vyumba visivyo na kitanda, iwatoze zaidi ya hoteli ya nyota tano iliyo katikati ya Tokyo? Ni swali la haki. Mimi kazi yangu ni kupanga safari za namna hii, na jibu langu ni lile lile kila mara. Kwenye ryokan kinacholipiwa hasa ni chakula cha jioni. Chumba, bafu na watumishi vyote vimepangwa kukizunguka chakula hicho. Anayelijua hilo mapema hufurahia kila yeni aliyotoa. Asiyelijua hutoa fedha nyingi akaambulia godoro la sakafuni.

Ryokan ndizo nyumba za wageni za jadi za Wajapani, na baadhi zina umri wa ajabu. Nishiyama Onsen Keiunkan, iliyo milimani mkoani Yamanashi, inahesabiwa kuwa ilianza mwaka 705, na Guinness World Records inaitambua kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Hoshi, kule Komatsu, inajihesabia tangu 718. Jijini Kyoto ziko Tawaraya na Hiiragiya, zinazotazamana kwenye mtaa mmoja. Hiiragiya ilianza 1818, na Tawaraya imeshapita miaka 300. Tawaraya ina vyumba 18 tu, kwa hiyo mwenye nia nayo aanze kuulizia nafasi miezi mingi kabla.

Kuhusu bei, angalia jambo hili: hutajwa kwa kichwa, si kwa chumba. Mke na mume wakiona yeni 40,000, wahesabu 80,000 kwa usiku mmoja, humo mkiwemo chakula cha jioni na kifungua kinywa. Kwenye miji ya maji moto huongezwa kodi ndogo ya kuoga, aghalabu yeni 150 kwa mtu kwa usiku. Bakshishi haipo. Mhudumu ukimsukumia noti mkononi utamtia katika fadhaa tu.

Saa ya kufika ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote. Milango hufunguliwa kwa wageni saa tisa alasiri, na chakula huandaliwa kuanzia saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu jioni. Ukishuka kwenye treni saa tatu usiku, jiko limeshafungwa na nusu ya fedha zako imeshapotea. Jiko hili halifanyi kazi kama la hoteli kubwa. Samaki wa chumba chako amenunuliwa asubuhi ya siku hiyo kwa idadi yenu, na mpishi anapima muda wa kila sahani kuanzia dakika mnayokaa. Kwa hiyo mimi simwekei mteja ryokan siku anayotua kutoka Dar es Salaam au Nairobi. Siku hiyo alale hoteli ya kawaida. Ryokan ije siku ya tatu au ya nne, mwili ukiwa umeshazoea saa za huko.

Kati ya saa tisa na chakula, kazi yako ni kuoga. Viatu unaviacha mlangoni. Chumbani unakuta sakafu ya tatami, ile mikeka minene ya nyasi, na sanduku la magurudumu halikokotwi juu yake, hubebwa. Utapewa yukata, vazi jepesi la pamba. Upande wa kushoto uje juu ya wa kulia, kwa sababu kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti. Bafu za maji moto huogwa bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao. Unaketi kwanza kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza vizuri, ndipo unaingia kwenye maji ya wote. Najua wengi wetu jambo hili ni zito. Usijinyime safari kwa ajili hiyo: omba chumba chenye bafu lake la maji moto, au ulizia bafu la faragha ambalo ryokan nyingi hukodisha kwa muda, wakaingia mtu na mwenzake peke yao. Na bibi harusi aliye kwenye fungate apeleke taarifa mapema kuhusu hina yake. Nyumba nyingi haziruhusu tatuu bafuni, na hina nzito inaweza kudhaniwa hivyo.

Sasa chakula chenyewe. Kinaitwa kaiseki, na mizizi yake inafika kwenye mlo mdogo uliotangulia chai ya heshima, desturi aliyoipa sura bingwa wa chai Sen no Rikyu katika karne ya 16. Huja sahani moja moja, ndogo ndogo, na kila sahani inaeleza ni msimu gani. Kwanza kionjo, kisha bakuli la supu, samaki mbichi, kitu cha kuchoma, kitu cha kuchemsha. Wali huja mwisho, pamoja na supu ya miso, yaani soya iliyochachushwa, na achari. Sisi tuliozoea wali kuwa ndio chakula na vingine kuwa kitoweo, tunaweza kukaa tukiusubiri huku sahani nzuri zinapita. Ukiuona wali, jua mlo unafungwa.

Bakuli la supu ndilo ninalowaambia watu walitazame kwa makini. Ni la mbao iliyopakwa laka, lina kifuniko, na mvuke hukishika kifuniko hicho kisitoke. Usikivute kwa nguvu. Binya kingo za bakuli taratibu kwa mkono mmoja, hewa itaingia na kitaachia chenyewe. Ndani kuna maji maangavu na kipande kimoja cha samaki au chipukizi la mwanzi, na harufu inayopanda ni ya dashi, mchuzi wa msingi wa Wajapani. Hiyo ndiyo roho ya jiko zima. Kombu, mwani mpana wa bahari ya baridi, hupashwa moto ndani ya maji bila kuachwa uchemke, kisha hutolewa. Baada yake hutiwa katsuobushi: samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mgumu kama gogo, akaparwa kwa kifaa chenye ulimi wa randa. Huchujwa, basi. Hakuna kitunguu, hakuna bizari.

Kyoto wakati wa kiangazi hula hamo, samaki wa jamii ya mkunga mwenye vijiba vingi visivyotoleka. Mpishi humlaza na kumkata mikato zaidi ya 20 ndani ya kila sentimita tatu, akivunja vijiba bila kuitoboa ngozi ya chini. Akitumbukizwa kwenye maji ya moto, nyama hufunguka kama ua. Ustadi wa namna hiyo ndio unaoulipia.

Msomaji Mwislamu, soma hapa mara mbili. Nguruwe si tatizo kubwa katika kaiseki, maana samaki na mboga ndio wengi. Tatizo ni mirin na sake, vileo vinavyoingia katika michuzi mingi bila kutajwa popote. Lazima useme unapoweka nafasi, si unapoketi mezani, na uombe jibu la maandishi. Zipo nyumba zitakazokubadilishia, na zipo zitakazokuambia wazi kwamba haziwezi. Ninaziheshimu hizo za pili, kwa kuwa zimekuepusha na shaka. Asiyekula samaki naye akumbuke kwamba dashi ya kawaida ni samaki.

Kwa watu hao wote wawili huwa napendekeza Koyasan, mlima wa mahekalu mkoani Wakayama ulioanzishwa na mtawa Kukai mwaka 816. Mahekalu zaidi ya 50 hupokea wageni kulala, na chakula chao hakina nyama wala samaki. Mirin uulizie hata huko. Kile ninachokipenda mno ni goma-dofu, mkate laini wa ufuta uliosagwa na kukorogwa na wanga juu ya moto hadi mkono uchoke. Japani hununua nje karibu ufuta wake wote, na Tanzania ni miongoni mwa wanaoiuzia. Mkulima wa Lindi angestahili kukaa pale akauonja.

Ukiniuliza uende lini, nitakuuliza unapenda kula nini. Julai ni hamo, Kyoto. Novemba hadi Machi ni kaa wa theluji kule Kinosaki, mji wa maji moto unaojulikana kwa bafu zake saba za umma, ambako watu hutembea barabarani jioni wakiwa na yukata na viatu vya mbao, na tatuu haikatazwi. Epuka wiki ya mwaka mpya na ile ya sikukuu za mwanzoni mwa Mei, maana Wajapani wenyewe wanasafiri. Chagua Jumatatu hadi Alhamisi, bei hupungua. Mwenye fedha za usiku mmoja tu azitumie zote kwenye nyumba moja nzuri, siku zilizobaki alale popote.